Dada wa Kamera anajibu: hela yangu ndogo, ninunue flashi gani?

Wapenzi wasomaji, mwezi huu maswali ya flashi yamekuja mengi mpaka nimeamua ukurasa wote uwe wa flashi tu, wale wa lenzi na memori kadi mnisamehe, zamu yenu inakuja. Wengi mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, yani flashi ya kampuni ya kamera yenyewe bei yake haishikiki, hizi za Godox na Yongnuo na Neewer ziko kila duka, je ni za kuaminika au ni kutupa hela? Mimi harusi zangu zote mwaka wa nane huu nafanyia flashi za namna hiyo na maharusi wangu hawajawahi kuniuliza ni ya kampuni gani. Zinafaa. Ila barua zenu nilivyozisoma, watu wengi waliopoteza pesa hawakupoteza kwa sababu flashi ni rahisi, walipoteza kwa sababu walinunua flashi isiyoelewana na kamera yao, au walinunua kwa kuangalia namba kubwa kwenye boksi. Twende.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Morogoro, nina Canon 2000D. Nimenunua Yongnuo YN560 IV ya mkononi kwa mtu, nikibonyeza kile kitufe cha majaribio inawaka vizuri kabisa, lakini nikiichomeka juu ya kamera nikipiga picha haiwaki hata mara moja. Aliyeniuzia anasema kamera yangu ndo mbovu. Fundi naye anataka aifungue kamera. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza mwambie fundi aweke bisibisi chini. Kamera yako nzima, flashi yako nzima, tatizo hazielewani.

Chukua kamera yako uende nayo dirishani penye mwanga, angalia pale juu flashi inapoingia. Kwenye kamera nyingi za Canon utaona duara moja kubwa la chuma katikati, alafu na vidoti vinne vidogo. Lile duara la katikati ndo linaloiambia flashi "waka sasa", na hilo neno moja ni la zamani sana, karibu kila flashi ya kila kampuni inalielewa. Vile vidoti vinne ni lugha ya Canon wenyewe kwa wenyewe, vinapeleka habari za TTL, yani kamera kuiamulia flashi nguvu yenyewe, na za zoom, yani kubana au kutanua mwanga. Sasa angalia ya kwako, duara la katikati halipo, ni plastiki tupu. Canon waliliondoa kwenye 2000D na 4000D zilizotoka mwaka 2018, na 250D ya mwaka 2019 nayo hivohivo. Na hizi kamera zina majina mengi, 2000D ndo hiyohiyo 1500D, Marekani wanaiita Rebel T7, kwahiyo mtu asijidanganye kwamba yake ni tofauti kwa sababu namba ni nyingine. 1300D iliyotangulia lile duara analo. Inaniuma kweli kwa sababu hizi ndo kamera za watu wanaoanza, ndo za mtu aliyejikusanya miezi kadhaa, na huyo ndo anayehitaji flashi ya bei nafuu kuliko mtu mwingine yeyote.

YN560 yako nayo igeuze uangalie mguu wake. Ina pini moja tu katikati. Pini inatafuta duara, duara hakuna, basi hakuna kinachotokea. Angekuuzia mpya kutoka kwenye boksi ingekuwa hivohivo. Kwahiyo aliyekuuzia sio lazima alikuwa na nia mbaya, pengine yeye ilikuwa ikimuwakia vizuri kwenye kamera yake.

Una njia tatu. Ya kwanza uiuze kwa mtu mwenye 1300D au Nikon au 60D, bei yake haitaanguka kwa sababu ni flashi nzuri, alafu uongeze ununue flashi ya TTL ya Canon, yani yenye pini zote kwenye mguu na herufi C kwenye jina, mfano Godox TT685II C, au ile ndogo TT350C kama mkoba wako mdogo na hela ndogo. Hizo zinapokea amri kupitia vidoti vidogo. Lakini sharti langu, nenda na kamera yako dukani, ichomekwe, upige picha tatu nne mbele ya muuzaji, manake hizi flashi zina programu yake ya ndani na kama ni toleo la zamani inabidi iapdetiwe ndo iitambue kamera yako. Isipowaka dukani usikubali maneno ya "ukifika nyumbani itakubali".

Njia ya pili haina gharama hata shilingi. Kamera yako ina kaflashi kake kanakoinuka juu. Na YN560 yako ina mode mbili zinaitwa S1 na S2, kwenye hizo flashi inangoja ione flashi nyingine ikiwaka na yenyewe inawaka papo hapo. Weka S2, sio S1, kwa sababu kaflashi ka kamera kanawaka mara mbili, ya kwanza ni ya kupima mwanga na ya pili ndo ya picha, na ukiweka S1 hiyo kubwa itawaka kwenye ile ya kwanza picha haijapigwa bado, utashangaa unaona flashi imewaka kwa macho yako lakini kwenye picha haipo. Kaflashi kadogo kapunguze mpaka mwisho kwenye menyu. Alafu flashi kubwa iweke pembeni, kwenye kabati, kwenye kiti, amshikishe mdogo wako, iangalie ukutani. Ndani ya chumba inafanya kazi vizuri na picha za pembeni hivo ni nzuri kuliko flashi inayotoka juu ya kamera. Juani itakusumbua kwa sababu kijicho chake hakioni, na ukumbini wakiwepo wapiga picha wengine itawaka kwa flashi zao na betri itakwisha bila wewe kupiga kitu.

Ya tatu ni kubadilisha kamera, na hiyo sikushauri kwa sasa.

SWALI: Dada habari za kazi. Niko Mombasa, napiga picha sherehe za akina mama, kupamba na nikaha za ndani, nina Nikon D3500. Kuna Godox TT600 na kuna TT685II ambayo bei ni kama mara mbili. Watu wananambia TT600 inatosha, anayejua kupiga picha hahitaji automatiki. Ni kweli?

JIBU: Nzuri dada yangu, na nimefurahi kupata barua ya mwenzangu wa shughuli za ndani, hii kazi wanaume hawawezi kutunyang'anya.

Hao wanaosema anayejua hahitaji automatiki hawajawahi kusimama kwenye kupamba. Acha nikueleze kinachotokea. Bi harusi anaingia, upo mita nne kutoka kwake, nguvu ya flashi umeiweka robo, sawa. Mara shangazi anamkimbilia kumtuza, ameshafika mita moja mbele yako. Mwanga wa flashi ukisogea nusu ya umbali unakuwa mara nne, kwahiyo shangazi atatoka mweupe kama karatasi. Unapunguza haraka haraka, ukinyanyua kichwa vigelegele vimehamia upande wa pili. Ukiwa na TT600 kila umbali ukibadilika ni vidole vyako vibadilishe. TTL ndo inayofanya hiyo hesabu, flashi inatoa mmweko mdogo kwanza, kamera inapima kilichorudi kupitia lenzi, alafu inaamua nguvu, yote ndani ya muda ambao jicho halioni. Kwa mtu anayefukuzana na watu wanaocheza, mimi nasema wazi lipa zaidi ununue TT685II, na hakikisha mwisho wa jina kuna N. Hiyo herufi usiidharau kabisa. N ni Nikon, C ni Canon, S ni Sony, F ni Fujifilm, O ni Olympus na Panasonic. Boksi zinafanana mpaka rangi, na muuzaji akiwa na haraka anakupa iliyo karibu na mkono wake.

Lakini TTL nayo ina ujinga wake na kwenye kazi yetu inaonekana kuliko kazi nyingine yoyote. Kamera inataka kila kitu kiwe na mwangaza wa wastani, kijivu cha katikati. Ukimuelekezea bi harusi aliyejaa shela nyeupe fremu nzima inafikiri mwanga umezidi, inapunguza, shela inatoka kama maji ya jivu na uso wake unaingia giza. Ukimuelekezea mama amekaa na buibui lake jeusi inafikiri mwanga haupo, inaongeza, buibui linatoka kijivu na uso unaungua. Kwahiyo shela nyeupe mimi naongeza fidia ya flashi, ile alama ya kuongeza na kupunguza, mpaka +1, nyeusi tupu napunguza kidogo, na baada ya picha mbili natazama kioo na kurekebisha. Hicho ndo kitu cha kujifunza kwa bidii.

Nimalizie kwa TT600 manake sio flashi mbaya hata kidogo. Kwa hela yake ndogo unapata nguvu sawasawa na ya kaka yake TT685II, kichwa kinageuka kote, redio ya kuiamuru kwa mbali iko ndani. Ukiwa na studio ya picha za paspoti, au unapiga bidhaa za watu wa mtandaoni, mteja amekaa kwenye stuli umbali haubadiliki, hapo TTL ni hela ya bure, nunua TT600 mbili. Na usishawishike na muuzaji anayekuambia habari za flashi kukubali spidi kubwa ya shata, ile HSS. TT600 ikikaa juu ya kamera haina hiyo, mpaka iwe mbali inaamriwa na triga ya redio. Na D3500 yako kwanza yenyewe haina, mwisho wake na flashi ni 1/200 ya sekunde, kwahiyo hicho kitu usikilipie.

SWALI: Mimi wa Dodoma. Neewer TT560 wanasema namba yake ni 38, Godox TT600 ni 60. Kwahiyo Godox ina nguvu karibu mara mbili?

JIBU: Hapana ndugu, na hizi namba zimewapoteza wengi. Hiyo kwa Kiingereza inaitwa guide number, ni umbali mara namba ya f, yani namba ya tundu la lenzi. Flashi yenye 36, ukiweka f/4 kwenye ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga), inafika mita 9, basi. Ukipandisha ISO mpaka 400 inafika 18. Sasa ujanja upo hapa, hiyo 60 imepimwa kichwa cha flashi kikiwa kimezumu mpaka 200mm, yani mwanga umebanwa kama tochi, ukirudisha kichwa kwenye 35mm ambapo ndo unapigia picha za kundi ukumbini, flashi za ukubwa huo zinakuwa kwenye 36 hivi. Na Neewer hiyo haina zoom kabisa, 38 yake ndo hiyohiyo siku zote. Kwahiyo kwa picha ya kundi wako jirani sana. Godox inaishinda kwa mengine, ina redio na ina zoom, lakini sio kwa hiyo namba.

Na kwa kweli nguvu sio kitu cha kwanza ninachoangalia. Naangalia kichwa kinageuka vipi. Kiinuke juu, kigeuke kushoto na kulia, ikiwezekana kigeuke mpaka nyuma. Kwa nini? Nenda kwenye kicheni pati yoyote saa nne usiku, watu wamecheza, ukumbi una joto, kila mtu ana jasho laini usoni na poda imeshaanza kutoka. Piga flashi ya moja kwa moja, utaona paji la uso na ncha ya pua vinang'aa kama vimepakwa mafuta ya nazi, macho yameduwaa na nyuma ya mtu kuna kivuli cheusi kimeganda ukutani. Mtu mweusi mzuri rangi yake inakuwa madoa meupe na giza. Sasa geuza kichwa cha flashi kiangalie dari au ukuta mweupe ulio nyuma yako begani, piga tena. Mwanga unarudi umetawanyika kama wa dirisha, jasho linakuwa mng'ao mdogo tu wa shavu, rangi ya ngozi inarudi, na ile dhahabu ya hereni inaonekana. Mimi nilipoona hiyo tofauti mara ya kwanza, Tanga, kwenye sebule ya watu, nilikaa chini nikaanza kufuta picha zangu za miezi sita.

Dari la silingi bodi nyeupe mita tatu hivi, ISO 800, f/4, shata 1/100, hapo ndo naanzia. Mwanga unapokwenda darini na kurudi sehemu kubwa inapotea, ndo maana napandisha ISO badala ya kuinyonga flashi. Ukumbi ukiwa wa turubai la bluu au vitambaa vya zambarau vya mapambo usigonge huko, watu wote watatoka bluu, tafuta hata shuka jeupe au ukuta, na pakikosekana kabisa geuza kadi ndogo nyeupe ile inayovutwa juu ya kichwa cha flashi, inasaidia kidogo.

SWALI: Baba yangu alikuwa mpiga picha wa studio, ameniachia flashi ya Vivitar 283 bado inawaka. Naweza kuichomeka kwenye kamera yangu ya dijitali nisinunue nyingine?

JIBU: Pole kama mzee ametangulia, na kama yupo mpe salamu zangu, hizo Vivitar za miaka ya 1970 zimepiga harusi za wazazi wetu wengi.

Usiichomeke kwanza. Flashi za zamani zilitengenezwa kwa kamera ambazo ndani mna chuma kinachogusana na chuma, umeme mkubwa ukipita hapo hakuna shida. Kamera za sasa hapo pana vifaa vidogo vya elektroniki. 283 za mwanzo zile zilizoandikwa kwamba zimetengenezwa Japani, zipo zilizopimwa zikakutwa na zaidi ya volti 200 kwenye mguu. Za baadaye zina volti chache tu. Kwa macho huwezi kujua. Kwahiyo muombe fundi redio akuwekee multimita kwenye volti za DC, flashi iwashwe ijae kabisa taa iwake, waya mwekundu uguse pini ya katikati na mweusi uguse chuma cha pembeni cha mguu, soma. Mimi ikipita 6 haikai juu ya kamera yangu hata kwa dakika moja. Ikizidi bado hujaikosa, tafuta kile kijicho kidogo cha kuiamsha kwa mwanga, unaichomeka humo na kuiweka mbali na kamera, inakuwa taa yako ya nyuma. Muhimu, asiifungue mtu asiyejua. Kapasita yake inashika chaji kali hata betri zikiwa zimetolewa, na imeshawaumiza watu.

SWALI: Dada, flashi yangu mpya ya TTL inachelewa kuwaka. Picha mbili sawa, ya tatu giza. Niko Mwanza, natumia betri za kawaida za dukani. Je ni feki?

JIBU: Flashi nzima, betri ndo tatizo. Na hili nalijua kwa machungu. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda harusini na betri nane nilizonunua kwenye kibanda njiani, zimeandikwa maneno makubwa makubwa. Maharusi wakaitwa kukata keki, wakalishana, nikapiga moja, nikabonyeza tena hola, kile kitaa chekundu hakijarudi, nahesabu kimoyomoyo, nane, tisa, kumi, kinawaka, keki imeshamezwa. Bi harusi aliniuliza wiki iliyofuata picha ya mume wake akimlisha iko wapi. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sioni kama kuna jibu, manake ile picha hairudiwi.

Flashi inavuta umeme mwingi kwa mkupuo mmoja. Betri za alkalini zina volti 1.5 lakini ndani zina ukinzani, haziwezi kutoa haraka, na zile nyeusi za bei ya chini kabisa ndo hazifai hata kuwekwa. Za kuchaji za NiMH zina volti 1.2 na watu wanadhani ni dhaifu kwa sababu ya hiyo namba, kumbe zenyewe zinatoa umeme haraka sana, flashi inajaa ndani ya sekunde mbili tatu hata ukipiga kwa nguvu zote. Eneloop ndo ninazotumia, zimeandikwa kama mAh 2000 hivi, yani kipimo cha chaji inayobeba, na ni za kweli. Ukikuta AA ya kuchaji imeandikwa 4000 iache hapohapo, AA ya NiMH haifiki huko. Nunua nne nne, ziandikie kwa maka A, A, A, A na B, B, B, B, nne zinazochajiwa pamoja zitumike pamoja, ukichanganya nzima na iliyochoka hiyo iliyochoka inazivuta zote. Seti tatu kwa harusi moja mimi naona inatosha, seti ya tatu hukaa mfukoni kwangu sio kwenye begi, begi huwa linakaa meza nyingine pale unapolihitaji.

Ukiwa na uwezo zaidi kuna flashi zenye betri moja ya lithiamu kama ya kamera, Godox V860III na V1, kampuni inasema mpaka flashi 480 za nguvu kamili kwa chaji moja. Ni kweli inapunguza presha. Lakini betri ikifa katikati ya safari huwezi kwenda dukani kwa Mangi kununua nyingine, na ile ya akiba bei yake inauma. Kwa anayefanya kazi vijijini AA bado zina heshima yake.

Na kama flashi unaiweka kabatini miezi mingi, itoe betri, alafu kila mwezi ichaji uiwashe mara kadhaa, kapasita ikikaa tupu muda mrefu inachoka.

SWALI: Salaam kutoka Muscat. Mimi nina Sony, kaka yangu ana Canon na ana Godox TT685 ya Canon. Tunaishi pamoja, tunaweza kushirikiana flashi?

JIBU: Wa alaykum salaam. Mkiichomeka juu ya Sony yako TTL haitakuwepo, mguu wa Sony una lugha yake na pini zake zimejificha mbele. Ila mkiiweka mbali na kamera mambo yanakuwa matamu. Nunua triga ya Godox ya Sony, X2T S kwa mfano, ikae juu ya kamera yako, flashi ya kaka iwekwe kwenye upande wa kupokea, zitaongea kwa redio na TTL itakuwepo pamoja na kwamba flashi ni ya Canon. Hiyo ndo sababu kubwa nayopenda watu wachague kampuni moja ya flashi na kubaki nayo. Ukichanganya Yongnuo moja na Godox moja redio zao hazisikilizani, unarudi kwenye vijicho.

SWALI: Dada shikamoo, nakuja Dar wiki ijayo kununua flashi ya mkononi Kariakoo, TT685 ya Nikon. Nikifika nijaribu nini nisipigwe? Msomaji wako, Singida.

JIBU: Marahaba mwanangu, na nimefurahi umeuliza kabla sio baada.

Nenda mchana, beba kamera yako na betri zako nne zilizojaa, usitumie za muuzaji kwa sababu za muuzaji zikiwa mbovu flashi nzuri itaonekana mbaya na kinyume chake. Kabla hujaiwasha itikise karibu na sikio, kitu kikicheza ndani imeshaanguka. Angalia kioo cha mbele, kama plastiki imekuwa ya njano au ina madoa ya kuungua katikati imepigishwa kazi ngumu mfululizo. Geuza kichwa pande zote, kikae pale unapokiacha, kisilegee. Iwashe, uangalie kioo cha nyuma namba zote zinasomeka, ubadilishe zoom usikilize kimota ndani, sauti yake iwe laini sio ya kukwaruza.

Alafu weka manuali nguvu kamili 1/1, ielekeze darini, piga kama mara kumi kwa kungoja taa irudi kila mara. Muda wa kurudi wa mara ya kwanza na wa mara ya kumi uwe karibu sawa. Usizidishe, flashi zote hizi zikipigwa nguvu kamili mfululizo zinajizima zipoe, hiyo sio ubovu. Shusha mpaka 1/128, piga, iwake kidogo sana lakini iwake. Baada ya hapo ndo uichomeke kwenye Nikon yako, weka TTL, mpige picha muuzaji mwenyewe akiwa karibu, alafu rudi nyuma hatua tano umpige tena. Uso wake ukitoka na mwanga uleule kwenye zote mbili, TTL ni nzima. Akitoka mweupe kwenye ya karibu, flashi inapiga nguvu moja tu na hiyo kwako sio TTL, hata ajitetee vipi.

Mwisho shika mguu wa flashi pale inapofungwa na kamera, uuchezeshe taratibu ukiwa umefunga loki yake. Mguu ndo kitu cha kwanza kuvunjika kwenye hizi flashi, kwa sababu watu wanabeba kamera kwenye begi flashi ikiwa juu. Ukiona ufa wowote pembeni ya zile skrubu nne, rudisha, duka la jirani nalo lina ya kwake.